Uso Uliokuwa Chini ya Jemadari

Kidonda kikishafunga, macho ya watu huacha kukitazama. Damu hukauka, ngozi hukunjamana, na jirani aliyekuwa akileta dawa hurudi kwenye shughuli zake akiamini kwamba kazi imekwisha. Lakini aliyeumia hulala na jeraha lake na kuamka nalo, na baridi ikipiga ni yeye peke yake ajuaye panapouma. Ndiyo sababu wahenga walituonya tusimpime mtu aliyejeruhiwa kwa kuitazama ngozi yake. Watu wa Calapampa, mji mdogo wa nyanda za juu za Bolivia, walilipuuza onyo hilo kwa miaka mingi, na siku lilipowajia halikupiga hodi.

Katika ukumbi wa baraza la mji huo ilitundikwa picha kubwa ya rangi ya mafuta ya Jemadari Baltasar Orihuela, shujaa wa vita vya kivuko cha Sorani. Alisimama wima kama mnara wa kanisa, amevaa koti la buluu lenye vishada vya dhahabu mabegani, mkono wa kuume juu ya mpini wa upanga. Nyuma yake moshi wa mizinga ulipanda na kuchanganyika na mawingu. Ndevu zake zilikuwa nyeusi na nzito, na macho yake yalimfuata kila aliyeingia humo, awe amekuja kulipa kodi au kushtaki jirani. Jemadari mwenyewe alikwisha kufa, tena kitandani mwake, juu ya mito laini. Lakini pale ukutani alikuwa bado akitawala.

Kila mwaka, siku moja kabla ya sherehe ya ushindi, picha ilishushwa na kulazwa juu ya meza ndefu, na akina mama waliopoteza wana wao jeshini wakamwosha Jemadari. Walikata viazi vibichi vipande viwili, wakaisugua picha taratibu kwa upande wenye majimaji, kisha wakaipangusa kwa kitambaa cha sufu. Ilikuwa heshima kubwa. Mama aliyemwosha Jemadari alitembea mbele katika maandamano ya kesho yake, na jina la mwanawe lilisomwa kwa sauti uwanjani.

Miaka ilivyopita, akina mama hao walipukutika mmoja mmoja kama majani ya kiangazi, hata wakabaki wawili. Wa kwanza alikuwa Tomasa Huanca, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, ambaye mwanawe Hilarion alianguka palepale kivukoni. Wa pili alikuwa Melchora Condori, mwembamba na mkimya. Yeye mwanawe hakuanguka kivukoni. Fermin Condori alipigwa risasi kwa amri ya Jemadari Orihuela mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa ushindi, mchoraji aitwaye Anselmo aliletwa Calapampa kumchora shujaa. Jemadari hakuwa na subira ya kusimama kama mti. Alivua koti lake, akamtupia, akasema, "Tafuta mtu mwenye mabega kama yangu, umchore huyo. Uso wangu nitakuletea nikipata nafasi." Mabega yaliyopatikana yalikuwa ya Fermin, askari wa miguu, mtoto pekee wa mjane mchunga wanyama wa lama. Alikuwa kijana mcheshi mwenye nyusi nene, na nyusi ya kushoto ilikuwa na pengo katikati, palipopasuliwa na jiwe la kombeo utotoni.

Kwa majuma kadhaa Fermin alisimama ndani ya ukumbi amevaa koti la mkubwa wake. Wenzake walipita mlangoni wakimtania.

"Jemadari, tupe ruhusa twende makwetu!"

"Nitawapa," alijibu bila kugeuza shingo, "mkishanipikia."

Anselmo hakuweza kuchora mwili usio na uso. Alisema hutokea kama koti lililotundikwa msumarini. Basi akauchora uso wa Fermin kama ulivyokuwa, pamoja na kicheko kilichokuwa kikimponyoka pembeni mwa mdomo. Uso wa Jemadari ungepakwa juu yake baadaye.

Siku ya soko, Melchora alishuka mlimani na magunia yake ya viazi. Akaambiwa kwamba mwanawe yumo ukumbini, amevaa dhahabu tupu. Moyo ukamjaa. Akaenda kusimama chini ya dirisha, akaita kama mama yeyote asiyejua taratibu za jeshi, "Fermin! Njoo nikuone, mwanangu! Kidogo tu, nikuone!"

Fermin akatoka vilevile alivyokuwa. Akakatiza uwanja akitembea kwa madaha. Wauzaji, walioliona koti kabla ya kumwona mtu, wakavua kofia zao. Mlinzi wa zamu, Casimiro, aliyemjua vizuri sana, akabana visigino na kumpigia saluti kwa mzaha. Fermin akaipokea kwa kidevu juu, kisha akageuka kumtazama mama yake na kucheka. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Katikati ya kicheko hicho Jemadari Orihuela akaingia akiwa juu ya farasi wake.

Yeye hakucheka. Kesi ilisikilizwa mchana uleule: kulidhihaki vazi la mkuu wa jeshi mbele ya raia. Kabla jua halijatua, Fermin alisimamishwa kwenye ukuta wa makaburi akapigwa risasi, akazikwa upande wa nje wa ukuta huo, mahali pa wasaliti. Wafu wa namna hiyo hawaandaliwi meza. Siku ya Marehemu, nyumba zote za Calapampa zinapooka mikate yenye umbo la mtu, zikaipanga mezani na kuwaita wafu wao kwa majina waje wale, jina la Fermin lilikatazwa kutajwa.

Kabla ya kuondoka mjini, Anselmo alimkuta Melchora ameketi nje ya ukuta ule. Alisimama akizungusha kofia yake mikononi.

"Mama," alisema hatimaye, "wameniamuru nimpake Jemadari juu yake, nami nimempaka. Lakini mwanao sikumfuta. Nimetandaza vanishi katikati yao, kama mtu anavyomfunika shuka mtoto aliyelala. Yumo, mama. Yumo mzima."

Akaenda zake, na hakuonekana tena Calapampa.

Mwaka uliofuata, Melchora alipiga magoti mbele ya padri na kuomba aruhusiwe kumwosha Jemadari pamoja na akina mama wengine. Padri alitokwa na machozi. Habari ikaenea kama moto nyikani: mama wa yule mkosaji amesamehe! Meya wa mji, Bwana Nicanor Villegas, akalifanya jambo hilo kuwa kiini cha hotuba yake ya kila mwaka. "Mtazameni mama huyu!" alikuwa akisema, kidole kikimwelekea. "Nani kama yeye mwenye sababu ya kuchukia? Lakini kidonda kimepona, ndugu zangu, limebaki kovu tu!" Watu wakapiga makofi. Melchora alikuwa akiitazama mikono yake.

Mikono hiyo ilikuwa na siri. Kama kila mtu wa nyanda zile, Melchora alitafuna majani ya koka, na kama kila mtafunaji aliyatafuna pamoja na majivu ya mabua ya kinoa, nafaka ya huko, yaliyofinyangwa kuwa donge. Majivu hayo ni makali. Mgeni akiyaweka ulimini ovyo hutoka malengelenge. Kila mwaka, alipofika kwenye uso wa Jemadari, Melchora alilitoa donge lake shavuni, akalificha chini ya kipande cha kiazi, akasugua. Alisugua kidogo tu. Angesugua sana wangemwona, na wakimwona hawatamruhusu kumgusa mwanawe tena. Basi akajikaza, akaula muda kidogokidogo. Ndevu za Jemadari zikapungua. Mikunjo ya paji ikapotea.

"Jemadari anazidi kuwa kijana!" watu walistaajabu.

"Ni sala za Mama Melchora," padri alisema.

Lakini muda nao ulikuwa ukimla yeye. Kila Siku ya Marehemu, Melchora alifunga mlango wake, akaoka mkate mmoja wa mwanawe kwa siri. Miaka ya mwanzo vidole vyake vilimfinyanga Fermin bila kufikiri. Baadaye akaanza kusita. Pua yake ilikuwaje? Kidevu kilikuwa cha duara au kilichongoka? Hata ukafika mwaka alioketi mbele ya unga uliokandwa asijue aanzie wapi, akauoka mkate bila uso, akaulilia kama anayeuzika. Kisha macho nayo yakaanza kufunikwa na utando mweupe, mfano wa maziwa yaliyopoa. Aliwaza, na wazo hilo lilimnyima usingizi: je, nitakufa bila kumwona mwanangu tena?

Hapo ndipo meya alipokuja na habari zake. Akina mama wawili walikuwa wamekwisha kukata viazi, na picha imelazwa mezani. Asubuhi ilikuwa ya baridi kali, mbingu ya kijivu. Bwana Nicanor aliingia akisugua viganja, uso umemng'aa.

"Mabibi, leo mwosheni hasa! Hii ndiyo mara ya mwisho. Baada ya sherehe ya kesho Jemadari anasafiri kwenda mji mkuu. Atatundikwa ikulu! Askari wa kumsindikiza wamekwisha kufika."

"Ikulu?" Tomasa aliuliza. "Na hewa ya huko ataiweza, naye amezoea harufu ya viazi?"

"Mafundi wa huko watamtengeneza vizuri. Watamrudishia ndevu zake. Maana kusema kweli nyinyi mmemsugua mpaka amekuwa kama bwana harusi."

"Bwana harusi huyu atamwoa nani, meya? Sisi meno yameisha."

Meya akacheka, akatoka, akaacha askari mmoja kwenye ngazi za nje. Melchora hakucheka. Kiazi kilikuwa kimemponyoka mkononi. Mafundi wa ikulu! Wangepaka rangi mpya, nzito, na yeye asingemgusa mwanawe kamwe. Akapiga moyo konde. Akatoa donge la majivu shavuni, akaliponda, akauelekea uso wa Jemadari. Safari hii hakusugua kwa kuibia.

"Polepole, mwenzangu!" Tomasa alisema bila kuinua macho. Yeye alikuwa akiosha viatu vya Jemadari pichani. "Unasugua sufuria?"

Melchora aliendelea kusugua. Kitambaa chake kilikuwa kimekuwa cheusi.

"Melchora, we Melchora! Hebu nione." Tomasa akaja upande wake wa meza. Akatazama, akashika kifua. "Yesu wangu! Umemtoa ndevu! Utatupeleka jela, mwanamke! Umepatwa na nini?"

"Rudi kwenye viatu vyako, Tomasa."

"Viatu gani? Mtu hana kidevu hapa unaniambia viatu!"

"Kidevu anacho," Melchora alisema kwa sauti ya chini. "Tazama vizuri. Mimi macho yangu hayaoni tena. Nitazamie. Kuna kidevu chini yake."

Tomasa aliinama. Mahali ndevu zilipokuwa palionekana ngozi ya kijana, ya hudhurungi, na pembe ya mdomo iliyokuwa karibu kucheka. Akainama zaidi. Mwishowe alinong'ona, "Ni nani huyu?"

Melchora akamweleza yote, mikono yake ikiendelea na kazi. Alipomaliza, Tomasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha meya, shali imemporomoka mabegani.

"Kwa hiyo miaka yote hii hukuwa unamwosha," alisema. "Ulikuwa unamchimba."

"Nilikuwa namwamsha."

"Na mimi?" Tomasa aliinuka. "Hukunifikiria mimi? Wewe mwanao yumo humo. Wangu yuko wapi? Hilarion aliliwa na samaki wa Sorani, sikupata hata kifungo cha shati lake. Nilicho nacho ni huyu Jemadari. Kila mwaka namwambia, 'Mwanangu alikufa kwa ajili yako, basi ng'aa, bwana mkubwa, ng'aa nisije nikaona alikufa bure.' Leo wewe unamfuta. Ukimfuta, Hilarion alikufa kwa ajili ya nani?"

Melchora aliacha kusugua. Alinyoosha mkono wenye majivu, akaupapasa uso wa rafiki yake mpaka akalipata chozi.

"Kwa ajili yako, labda," alisema. "Kwa ajili ya mlango wa nyumba yako. Sijui, Tomasa. Lakini Hilarion kesho jina lake litasomwa. Siku ya Marehemu unamwandalia meza, unamwita kwa sauti, jirani wanaitikia. Wangu namwita nimejifungia ndani kama mwizi. Na sasa sijui hata nimwite mwenye sura gani. Nimemsahau! Unajua maana yake? Nilimwita nje nimwone, akafa kwa sababu ya kuja kuonwa nami, kisha nikamsahau."

Upepo ulipiga madirisha. Askari wa nje alisikika akikohoa. Tomasa alijifuta uso kwa ncha ya shali. Kisha akaingiza vidole shavuni, akatoa donge lake mwenyewe la majivu, akaliweka katika kiganja cha Melchora.

"Lako limekwisha makali," alisema kwa ukali wa kuficha kilio. "Na usisugue macho kama hivyo, utamtia upofu mtoto. Nipishe mimi nifanye macho."

Wakafanya kazi bega kwa bega mpaka viazi vikaisha. Rangi ya juu ililegea na kutoka kama ukoko uliolowekwa. Chini yake vanishi iling'aa. Walipomaliza, Melchora aliinama mpaka pua yake ikakaribia kuigusa picha. Alikaza macho. Aliona buluu. Aliona kitu chenye rangi ya udongo juu ya buluu hiyo, kama mlima unavyoonekana katika ukungu. Zaidi ya hapo hakuona.

"Niambie," alimwomba Tomasa. "Niambie yukoje."

"Ana nyusi nene. Ya kushoto ina pengo."

"Ndiyo. Ndiyo! La kombeo."

"Pua yake ni yako. Hii hii ya kupinda. Masikio makubwa, maskini, angesikia wali ukiiva ng'ambo ya mto. Na anacheka, Melchora. Anajizuia, lakini anacheka."

"Kidevu?"

"Cha duara. Kina kishimo."

Melchora akairudia sura hiyo neno kwa neno, kama mtoto anayekariri sala, asije akaipoteza tena.

Kesho yake uwanja ulijaa. Picha ilibebwa ikiwa imefunikwa kitambaa chekundu na waoshaji wake, kama ilivyokuwa desturi, na kusimamishwa juu ya jukwaa. Bendi ilipiga. Wazee waliokuwa wamepigana Sorani walipangwa mbele, na miongoni mwao alikuwamo Casimiro, aliyekuwa mlinzi siku ile, sasa ana mguu mmoja na gongo. Ofisa aliyetoka mji mkuu aliketi akipangusa vumbi la safari kwenye mikono ya koti lake. Majina yalisomwa. Lilipofika la Hilarion Huanca, Tomasa alifumba macho. Kisha meya akasimama.

"Wananchi wa Calapampa! Kabla hatujamuaga shujaa wetu, mtazameni tena mama huyu. Alipoteza mwana kwa kosa la mwana huyo, lakini kwa mikono yake mwenyewe ameuosha uso wa aliyemhukumu. Kidonda kimepona! Limebaki kovu tu!"

Akaivuta kamba. Kitambaa kikaanguka.

Makofi yaliyokuwa yameanza yalikatika. Ndani ya koti la Jemadari, chini ya vishada vya dhahabu, alisimama kijana wa nyanda za juu, mwenye masikio makubwa na pengo katika nyusi, akijizuia kucheka. Bendi iliendelea kidogo, ala moja baada ya nyingine, mpaka hata ngoma ikanyamaza.

Vijana walitazamana, wao hawakumjua. Lakini mwanamke mzee mmoja katika safu ya wauzaji alishika mdomo. "Ni yule mtoto wa Melchora," alisema. "Fermin. Mama yangu, ni Fermin!" Jina lililokatazwa likapita katika uwanja, kwanza kwa mnong'ono, halafu kwa sauti. Ndipo mzee mmoja akavua kofia yake. Mwingine akavua. Casimiro alijisogeza mbele kwa gongo lake mpaka chini ya jukwaa. Akabana kisigino chake kimoja, akainua mkono akapiga saluti. Safari hii hakukuwa na mzaha, na hakuna aliyecheka.

"Mama Melchora!" Meya alikuwa amesawijika kama aliyeona jini. "Umefanya nini? Umetutia aibu mbele ya serikali! Wewe si ulisamehe?"

"Nani alikwambia?" Melchora aliuliza.

"Sote tulijua! Miaka yote hii! Hukulalamika hata siku moja!"

"Hukuniuliza, baba. Hata mara moja hukuniuliza. Uliona nimenyamaza, ukaniambia nimepona, ukapigiwa makofi." Hakupaza sauti, lakini uwanja ulikuwa kimya hata walio nyuma walimsikia. "Mimi sikutaka kumharibia mtu sherehe yake. Nilitaka kumwona mwanangu. Basi."

Ofisa alikwisha kusimama. Kwa amri yake picha ilifunikwa, ikafungwa kamba, ikapakiwa kwenye gari la nyumbu siku ileile. Melchora alifungiwa katika ghala la baraza, na Tomasa, aliyesimama mlangoni akipiga kelele kwamba naye alisugua, tena macho yote mawili ni kazi yake, akafungiwa pamoja naye. Waliachiliwa baadaye, kwa kuwa hakimu aliona haya kuwahukumu ajuza wawili waliokamatwa na viazi. Kutoka mji mkuu zikaja habari kwamba mafundi wamemrudishia Jemadari uso wake, na ndevu zake, nyeusi kuliko zamani. Akatundikwa ikulu. Wageni husimama mbele yake na kusifu ushujaa wake, wala hawajui ni nani anayejizuia kucheka chini ya ndevu hizo.

Baridi ya ghala ilikuwa imemwingia Melchora kifuani, haikutoka tena. Siku ya Marehemu ilipofika hakuweza kuinuka. Utando wa macho ulikuwa umekwisha kufunga kabisa, na mchana na usiku kwake vilikuwa kitu kimoja. Asubuhi Tomasa aliingia na kikapu, akaketi kando ya kitanda, akamwekea mkononi mkate wenye joto.

"Nimeoka wa Hilarion na huu," alisema. "Usinicheke kama nimeharibu masikio."

Melchora aliupapasa polepole. Kidole chake kilipita juu ya kidevu cha duara, kikaingia kwenye kishimo, kikapanda puani, kikafika kwenye nyusi ya kushoto, kikasimama penye pengo. Kilikaa hapo muda mrefu.

"Ndiye," alisema. "Nimemwona."

Alifariki kabla ya kengele ya adhuhuri. Alasiri hiyo, Tomasa aliubeba mkate ule mpaka makaburini, lakini hakuingia. Alizunguka upande wa nje wa ukuta, akatandika shali yake juu ya mawe, akauweka, akaita kwa sauti kubwa, "Fermin Condori! Njoo ule, mwanangu! Na mama yako mje naye!" Alidhani atakuwa peke yake. Alipogeuka aliwaona wauzaji wa soko wakija kwa mstari, kila mmoja na mkate katika kitambaa, na Casimiro nyuma yao akijikongoja. Na mikate yote, mikubwa na midogo, ilikuwa imekatwa pengo katika nyusi ya kushoto.

Meya Nicanor Villegas alisimama mbali, kwenye lango. Alikuwa na amri ya kukataza. Aliwatazama wale watu, akayatazama mawe yaliyokuwa yamegeuka meza, akakumbuka hotuba zake zote na makofi yake yote. Akavua kofia. Hakuna aliyehitaji kumhubiria. Alikuwa amekwisha kuelewa, ingawa alielewa akiwa amechelewa, kwamba mwenye kovu usidhani kapoa.